Mpira Uliotua Kwenye Dagaa

Juzi nilikuwa saluni, kichwa kimeingia kwenye mashine ya kukaushia nywele, na televisheni ukutani ilikuwa ikionyesha gofu. Mwanamume wa makamo alikuwa anatembea juu ya majani mabichi, anachechemea kidogo, na umati unamfuata nyuma kama bwana harusi. Mtangazaji akauliza lile swali wanalopenda kuuliza: huyu aliyewahi kuwatawala wenzake wote, kisha akaanguka, je, anaweza kurudi akashinda tena mashindano makubwa? Msusi akasema hawezi, mpanda ngazi hushuka. Mteja wa pembeni akasema anaweza, kipaji hakizeeki. Wakanigeukia mimi kwa kuwa ndiye mtu mzima pale ndani. Nikawaambia inategemea kama bado haoni dagaa.

Walicheka sana. Nadhani walifikiri joto la mashine limenipanda kichwani.

Mimi ni mtoto wa Buzebazeba, Kigoma. Mama yangu alikuwa mzaliwa wa Ujiji, na maisha yake yote aliuza dagaa ufukoni Kibirizi. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakaja yale yaliyokuja, hakunipa pole wala hakunigombeza. Alinikabidhi ndoo na reki akasema, "Haya, msomi, twende ziwani." Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kuanika, na niliifanya miaka yote ile ambayo sisi tunaiita miaka ya wakimbizi.

Asiyeijua Kigoma ya wakati ule hatanielewa. Watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi, na baadaye Kongo, wengine kwa miguu, wengine kwa maboti. Mji wetu ambao ulizoea kusinzia mchana ukajaa magari meupe yenye antena ndefu. Vyumba vya kupanga vikaadimika. Watumishi waliletwa kutoka mikoa mingine, wageni wakaja kutoka Ulaya, na watu wale baada ya kushinda makambini juma zima walitaka mahali pa kupumulia. Juu kidogo ya ufuko, upande wa kwenda Kibirizi, kulikuwa na uwanda wa majani ambao tulikuwa tunaachia mbuzi. Wakaukodi, wakaufyeka, wakachimba mashimo na kusimika bendera, wakasema ni uwanja wa gofu. Mbuzi wakafukuzwa. Mimi mchezo wenyewe sikuupenda na mpaka leo siupendi. Mtu mzima kutembea jua kali akifuata kipira alichokitupa mwenyewe, naona ni kujitafutia kazi.

Mtu aliyeajiriwa kukata majani ya uwanja ule alikuwa Mrundi, na sote tulimwita Bingwa. Mwanzoni tulimwita kwa kumtania. Alikuwa anasema, tena bila kujisifu, kama mtu anavyotaja kabila lake, kwamba kule Bujumbura alianza utotoni kuwabebea wazungu fimbo zao za gofu, akajifunza kwa kuwaangalia, na alipokua akawashinda wote. Alichukua kikombe mwaka baada ya mwaka mpaka wengine wakawa wanashindania nafasi ya pili. Wapagazi wa Kibirizi walimsikiliza, wakatazamana. Kwa mkimbizi kila kitu kilichobaki nyuma huwa kikubwa. Tulishazoea kusikia habari za nyumba za ghorofa na ng'ombe wasiohesabika. Jogoo wa shamba hawiki mjini, walimwambia, naye wa mjini kumbe akija kwetu anafyeka nyasi.

Kisha siku moja mhandisi wa maji, mtu wa Moshi aliyehamishiwa kwetu, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, akampa fimbo apige. Bingwa akaweka mpira chini, hata hakujipanga. Nilikuwa napita na ndoo kichwani. Nilisikia mlio mkavu, mmoja, na mpira ukaenda juu ukapotea, ukaja kuonekana umekaa karibu na bendera ya mbali. Mhandisi hakucheka. Tangu siku hiyo jina la Bingwa likawa jina kweli.

Mkewe ndiye niliyemfahamu zaidi, maana alikuwa mwenzangu wa kuanika. Walipanga chumba cha uani jirani na kwetu, na mama ndiye aliyemwingiza kwenye biashara. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi wa kukata. Kiswahili alikuja nacho kutoka Bujumbura, ila akikasirika Kirundi kilimtoka chenyewe. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu, na siku nzima tukigeuza dagaa alikuwa ananisimulia makosa ya mumewe. Yote yalikuwa matawi ya kosa moja.

"Siku tunakimbia," alinisimulia, tena si mara moja, "mimi nina mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Yeye amebeba nini? Mkoba wa fimbo! Nguo hakubeba, unga hakubeba. Anatangulia mbele, haangalii nyuma. Tukafika kamto, nikateleza, nikaanguka na mtoto. Mana yanje, Mungu wangu! Hakugeuka. Nimeinuka mwenyewe, nimeokota sufuria mwenyewe. Namkuta ng'ambo anapangusa fimbo matope."

"Labda hakusikia, dada."

"Oya, hapana. Alisikia. Hakuona tu. Yule mtu tangu nimemjua haoni. Akiwa na mpira wake mbele, hata nyumba iungue."

Mume mwenyewe hakukana. Mama alipomwuliza siku moja, kwa utani, kana kwamba ni mkwewe, alijibu polepole kwamba uwanjani alifundishwa kufuta. Unafuta watu, unafuta kelele, unafuta njaa, linabaki shimo tu. Anayeweza kufuta zaidi ndiye anayeshinda. Tatizo, alisema, ni kwamba hakufundishwa jinsi ya kurudisha alivyovifuta.

Sasa, sijui lini alianza kubadilika, maana mtu habadiliki huku unamtazama. Nasikia kambini, kabla hawajaja mjini, aliugua vibaya na mkewe alimbeba mgongoni mpaka zahanati, yule yule mwanamke aliyeanguka mtoni. Huenda ilianzia huko. Mimi nilichokiona kwa macho yangu ni siku ya mvua. Mvua ya Kigoma haibishi hodi. Unaona mlima wa ng'ambo, unageuka kuzungumza na mtu, ukitazama tena mlima haupo na matone yako mgongoni. Siku hiyo tulikuwa tumeanika eneo kubwa, tukaanza kukimbia kuanua, kila mtu na reki yake na turubai lake, tunapigiana kelele. Bingwa alikuwa juu uwanjani anajifua na fimbo yake. Nikamwona ameitupa. Ile fimbo aliyoivusha mpaka, ameitupa kwenye majani na anateremka mbio, miguu peku, akaja kukusanya dagaa kwa mikono miwili pamoja na mkewe. Mke alikuwa anamfokea kwamba anavunja vichwa. Lakini nilimwona anamtazama kwa pembeni, kama mtu aliyepewa chenji nyingi dukani na hajui aseme au anyamaze.

Baada ya hapo akawa anakuja hata jua likiwaka. Akishakata majani, anashuka kugeuza dagaa. Wapagazi wakapata la kusema: Bingwa wa kuanua. Yeye anacheka.

Kisha likatangazwa shindano. Wale wageni na watumishi wa serikali walikubaliana kuwe na kikombe, na atakayeshinda angepelekwa Dar es Salaam kucheza na mabingwa wa nchi nzima. Mhandisi akaahidi kwamba Bingwa akishinda, yeye mwenyewe atashughulikia kibali cha safari, maana mkimbizi haendi popote bila kibali. Bingwa aliposikia hivyo alishinda akipangusa fimbo zake. Jioni alikuja kwa mama, akapiga goti kidogo kama kawaida yao ya heshima, akasema, "Mama, niombee. Nikifika Dar nitakuwa nimerudi."

Mama akamwuliza, "Umerudi wapi, mwanangu?"

"Nilikokuwa," akasema.

Kibirizi nzima ikagawanyika. Wapo waliosema mkono ule haujafa na atawafagia wote. Wapo waliosema amekaa miaka bila mashindano, gofu si baiskeli. Mama alisema maji yakimwagika hayazoleki, kisha akaenda kumwombea hivyo hivyo. Mkewe alikataa kutia neno. Nilipombana alisema, "Akishinda ataenda. Akienda atakuwa yule wa zamani." Nilidhani anaogopa. Nilikuwa kijana, nilidhani mtu akitaja kitu kwa ukali basi hakitaki.

Hapa lazima nieleze kosa la waandaaji, maana ni kosa ambalo mtu wa kuja tu ndiye angelifanya. Walichagua siku kwa kutazama kalenda ya ukutani, hawakutazama mwezi. Dagaa wetu wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, maboti yanalala na wavuvi wanashona nyavu. Giza likiingia, samaki wanakuja kwa wingi mpaka hakuna pa kuwaweka, na juma hilo mtu wa Kigoma hafungi ndoa, haendi safari, hata kesi mahakamani anaomba isogezwe. Shindano likawekwa katikati ya giza. Maboti yakashusha mzigo ambao hatukuuona mwaka mzima. Ufuko ukajaa, vichanja vikajaa, na wanawake wakageuza macho yao juu, kwenye yale majani ya gofu aliyoyakata Bingwa kwa mkono wake, mafupi, safi kama mkeka. Dagaa aliyeanikwa mchangani, ukimtafuna unasaga mchanga mdomoni. Aliyekauka kwenye majani hana mchanga, na mnunuzi anamjua kwa kumtafuna mmoja tu. Jambo kama hilo haliombewi ruhusa. Asubuhi ya shindano sehemu yote ya chini ya uwanja, kuzunguka shimo la mwisho, ilikuwa inang'aa fedha.

Zogo lake! Waamuzi waliomba tuanue. Mama akawajibu kwa adabu kubwa kwamba dagaa aliyekauka nusu akiinuliwa anakatika, na aliyekatika hauziki. Mzungu mmoja akatishia kuita polisi. Akaambiwa mke wa polisi ameanika pale karibu na bendera. Mwishowe wakakubaliana: dagaa wahesabiwe kuwa ni ardhi. Mpira ukiangukia humo, upigwe ulipo, na hakuna mtu kuhamisha kitu mpira ukishapigwa. Asiyetaka kuupiga humo auokote, arudi nyuma, aongezewe pigo moja.

Sitasimulia mashimo yote, sikuyafuata. Nilikuwa nageuza. Lakini habari zilikuwa zinashuka kilimani kwa midomo ya watu, na kila zilipofika zilisema jambo moja: Bingwa amerudi. Waliomwona walisema uso wake ulikuwa mwingine, kwamba alipita karibu na watu aliokula nao ugali jana na hakuwaitikia salamu. Mkewe aliposikia hilo aliacha reki, akajifunga khanga upya, akasimama. Nilimwona anatabasamu. Nikashangaa, nikajisemea moyoni, kumbe huyu anamtaka yule yule anayemlalamikia.

Walipofika shimo la mwisho walikuwa wamebaki wawili wa kugombea kikombe, Bingwa na mhandisi, na wanalingana. Mhandisi, mtu mwenye busara, akapiga kifupi na kwa uangalifu, mpira wake ukasimama mahali pasipo na dagaa. Bingwa akapiga ule mlio wake mkavu. Mpira ukaja moja kwa moja kwenye bendera, watu wakaanza kushangilia, kisha upepo wa ziwa ukausukuma. Ukadunda mara moja kwenye jiwe, ukatua katikati ya dagaa. Dagaa wa mkewe.

Kwanza watu walicheka. Baadaye kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu kila mtu alianza kupiga hesabu. Kutoka pale hadi shimoni palikuwa karibu. Kwa mkono ule, pigo moja lingeutia mpira shimoni na kikombe kingekuwa chake. Lakini ili apige lazima asimame na viatu katikati ya samaki na azungushe fimbo, na dagaa wale walikuwa bado wabichi. Mzigo wote wa yule mwanamke wa giza zima ulikuwa pale chini. Na kuna jambo jingine ambalo wageni hawakulijua. Kwetu, na kwao Burundi vilevile, chakula hakirukwi wala hakikanyagwi. Mtoto akiruka chungu anarudishwa aruke tena kinyumenyume. Wanunuzi walikuwa wamesimama pale wanatazama.

Bingwa akafika pembeni ya dagaa, akasimama. Uso wake ulikuwa bado ule mwingine.

"Piga," mkewe akasema.

Macho yake yalibaki kwenye mpira.

"Piga, sha! Dagaa ni wangu, si wa mtu. Nimekupa ruhusa. Kanyaga, piga!"

Mama akamshika mkono. "Mwanangu, usiseme hivyo, ni chakula."

"Acha, mama. Apige!"

Bingwa akavua viatu. Nikasema moyoni, basi anapiga. Akaingia, akawa anapenyeza vidole vya mguu kati ya dagaa, taratibu, anapata nafasi ya unyayo mmoja, kisha wa pili. Akafika kwenye mpira. Akasimama juu yake na fimbo mkononi. Akautazama. Akatazama bendera. Kisha akatazama chini tena, na nikaona, naapa niliona, ule uso ukiondoka. Akainama. Akauokota mpira, na mkono ule ule ukawageuza wale dagaa waliokuwa wamebonyezwa, mmoja mmoja, tumbo juu, vile tunavyowageuza sisi. Akanyoosha mkono kwa mwamuzi: aongezewe pigo.

Alirudi nyuma, akapiga tena, na lile ndilo lilikuwa pigo zuri kuliko yote ya siku hiyo. Mpira ulisimama mdomoni mwa shimo, ukakataa kuingia. Alishindwa kwa lile pigo moja. Mhandisi alimkumbatia na machozi yanamlengalenga, anasema hiki kikombe si changu, hiki si changu, lakini kikombe kilikuwa chake na Dar alikwenda yeye.

Mkewe hakungoja waondoke. Alimfuata pale pale mbele ya watu, akafungua khanga ya juu akaanza kumchapa nayo mabegani. "Miaka yote nakuomba unione, hunioni! Leo nakuomba usinione, unaniona! Leo! Leo ndiyo unaniona!" Alikuwa analia kama mtu wa msibani. Bingwa alisimama tu, anapokea. Mke alipochoka kuchapa, yeye akamwambia kwa upole, kana kwamba ndiyo sababu yote, "Walikuwa bado wabichi."

Nimeifikiria siku ile kwa miaka mingi. Watu wa televisheni wanapima goti, wanapima mgongo, wanapima umri. Mkono wa Bingwa ulirudi, nilishuhudia; pigo la mwisho lingemshinda mtu yeyote. Kilichokataa kurudi ni ule uwezo wa kufuta. Na hasira ya mkewe nilikuja kuielewa baadaye, nami nilipokuwa na mume wangu. Alikuwa ameolewa na mtu mkubwa, akateseka na ukubwa wake, na siku moja tu alikuwa tayari kuulipia ukubwa ule kwa kila alichokuwa nacho, ili dunia imwone huyo mume kama alivyomwona yeye. Akakataliwa zawadi yake. Mimi ningemchapa pia.

Hakucheza tena mashindano. Uwanja wenyewe haukudumu. Wageni walipopungua, mbuzi walirudi. Dagaa wa giza lile walikauka vizuri sana na waliisha siku moja, ila mkewe hakupenda kukumbushwa.

Ilipotangazwa kwamba watu wanarudishwa kwao, mimi na mama tulikwenda kuwaaga mahali malori yalipokuwa yakipakia. Nilimwona dada kwa mbali, mrefu vile, mtoto wao ameshapandishwa kwenye lori, na kichwani amejitwika mkoba wa fimbo za gofu. Mume alikuwa nyuma yake na lile sufuria, pamoja na kifurushi cha dagaa alichopewa na mama. Nikamfuata nikamtania, "Dada, leo wewe ndiye wa fimbo?"

"Nimwachie yeye?" akanijibu kwa ukali. "Siku hizi huyu si wa kuaminika. Akiona mtu ameanguka njiani ataziacha fimbo porini akamwinue. Nani atajua alikuwa nani?"

Akaushika mkoba kwa mkono mmoja, akaweka mguu kwenye ngazi ya lori. Ngazi ilikuwa juu na lori lilikuwa linatikisika. Mume akatua sufuria chini, akamshika kiwiko, na hakuliokota mpaka mkewe alipokaa.